Kitunguu Chekundu, cha Njano au Cheupe: Antioksidanti Zimekaa Wapi Hasa?

Kitunguu chekundu kinapewa sifa ambazo nyingi si zake peke yake. Pitia ujumbe wa afya unaozunguka kwenye simu: utakuta kinatajwa kuwa bingwa wa antioksidanti kwa sababu ya ile rangi ya zambarau, na kwamba mwenye presha akila nusu yake kikiwa kibichi kila asubuhi, mambo yamekwisha. Rangi ile ina nafasi yake na nitaieleza. Lakini kemikali iliyowafanya wanasayansi wa lishe wakishughulikie kitunguu kwa miaka mingi haina rangi ya zambarau, imo pia tele ndani ya kitunguu cha njano, na sehemu yake nono zaidi huishia kwenye ndoo ya taka.

Kwanza, antioksidanti ni nini? Mwili unapotumia oksijeni kutengeneza nishati, hutokea pia chembe zenye upungufu wa elektroni, ziitwazo radikali huru. Chembe hizo hazitulii. Hunyakua elektroni kutoka kwa kilicho jirani, iwe mafuta ya utando wa seli, protini au DNA. Antioksidanti ni molekuli yoyote iwezayo kutoa elektroni hiyo bila yenyewe kuwa mnyakuzi mpya. Fasili inaishia hapo. Haisemi kwamba molekuli hiyo ikiliwa itafika kwenye seli, wala kwamba ikifika itakuwa bado na umbo ililokuwa nalo kwenye sahani. Madai mengi ya chumvi kuhusu vyakula huzaliwa katika pengo hilo.

Ndani ya kitunguu maji, antioksidanti zinazohesabika zaidi ni za ukoo wa flavonoidi, na zimegawanyika katika makundi mawili yanayotuhusu. La kwanza ni flavonoli, na kiongozi wake ni kwesetini. Kwesetini ndani ya nyama ya kitunguu haikai peke yake. Imefungwa na sukari ya glukosi, ama moja au mbili. Aina hizo mbili, yenye glukosi moja na yenye mbili, ndizo sehemu kubwa ya flavonoli zote za kitunguu. Kundi la pili ni anthosianini, na hizo ndizo rangi ya zambarau.

Sasa tazama viwango. Mwaka 2007 watafiti wa Norway walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia. Vitunguu vya njano vilionekana kuwa na miligramu 270 hadi 1187 za flavonoli kwa kila kilo ya kitunguu kibichi. Vyekundu miligramu 415 hadi 1917. Vyeupe viko chini mno, mara nyingi vina chembe tu. Anthosianini za vitunguu vyekundu zilikuwa kati ya miligramu 39 na 240 kwa kilo, yaani kama asilimia 10 tu ya flavonoidi zote.

Namba hizo zina mambo mawili. Moja, chekundu kweli kiko mbele kwa jumla, lakini si kwa sababu ya wekundu wake: tisa ya kumi ya kinachohesabiwa ni flavonoli, ambazo macho hayazioni kwenye nyama ya kitunguu. La pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi, ni upana wa viwango vyenyewe. Kitunguu cha njano kilicho bora kinakipita chekundu kilicho dhaifu karibu mara tatu. Anayekuambia "chekundu kina zaidi" bila kutaja ni aina gani, kimelimwa wapi na kimepimwaje, bado hajakuambia kitu cha kutumia.

Rangi hizo tatu zinatokana na mlolongo mmoja wa kemia ndani ya mmea. Kitunguu huanza na malighafi za kawaida na kuzipitisha kwa vimeng'enya, kimoja baada ya kingine, hadi inapopatikana molekuli iitwayo dihidrokwesetini. Hapo njia inagawanyika. Upande mmoja kimeng'enya huigeuza kuwa kwesetini. Upande wa pili kimeng'enya kingine huichukua na kuipeleka hatua kadhaa mbele hadi iwe anthosianini. Kitunguu chekundu kina njia zote mbili zikiwa wazi. Katika vitunguu vingi vya njano, jeni ya kile kimeng'enya cha upande wa pili imeharibika, kwa hiyo anthosianini hazitengenezwi, lakini upande wa kwesetini unaendelea kama kawaida. Katika kitunguu cheupe hitilafu iko mapema zaidi, au iko kwenye jeni zinazoamrisha mlolongo mzima, na matokeo yake hakuna hili wala lile. Ndiyo maana pengo kubwa halipo kati ya chekundu na cha njano. Lipo kati ya hivyo viwili na cheupe.

Hapo macho yanaweza kukudanganya. Ukikata kitunguu cha njano, nyama yake ni nyeupe karibu sawa na ya kitunguu cheupe. Kilichotofautiana ni ganda. Manjano ya ganda lile hutokea tabaka la nje linapokufa na kukauka: vimeng'enya huivua kwesetini glukosi zake, kisha huioksidisha, na mabaki yake huacha rangi ya kahawia na dhahabu. Ganda la rangi ni ushahidi kwamba tabaka lile lilikuwa na kwesetini. Ganda jeupe kama karatasi ni ushahidi wa kinyume chake.

Mmea unajisumbua kwa nini na kazi yote hiyo? Jibu moja lilipatikana zamani, na ni kisa ambacho kingestahili kujulikana zaidi. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mtaalamu wa magonjwa ya mimea J. C. Walker alikuwa akichunguza ukungu unaotia madoa meusi kwenye vitunguu. Vyeupe viliugua, vyenye rangi vilisalimika. Alishirikiana na mwanakemia Karl Paul Link wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1929 wakatoa matokeo: katika maganda makavu ya vitunguu vyenye rangi waliipata asidi ya protokatekuiki, na baadaye pia kemikali iitwayo katekoli. Tone la maji likikaa juu ya ganda, kemikali hizo huyeyukia ndani yake na kuzizuia mbegu za ukungu zisichipue. Ukiondoa ganda, kinga inaondoka nalo. Nyama ya ndani ya kitunguu chenye rangi huugua vilevile. Ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza kabisa wa kemikali mahususi inayoukinga mmea dhidi ya ugonjwa. (Link huyu ndiye ambaye baadaye maabara yake iliichambua nyasi iliyooza iliyokuwa ikiua ng'ombe kwa kuwatoa damu, kazi iliyozaa dawa ya wafarini inayotumika hadi leo kuzuia damu isigande.)

Asidi ya protokatekuiki ni zao la kuoksidishwa kwa kwesetini. Kwa maneno mengine, kitunguu hakikuweka kwesetini kwa ajili ya moyo wako. Kiliiweka nje, mpakani, kwa ajili ya kuvu na jua. Ukilijua hilo, ramani ya kitunguu inaeleweka yenyewe: ganda kavu limejaa kuliko sehemu yoyote, tabaka la kwanza la nyama linafuata, na kadiri unavyoingia kwenye kiini kiwango kinashuka. Anthosianini zimebana zaidi kuliko hapo. Chunguza tabaka moja la kitunguu chekundu: zambarau imo kwenye ule utando mwembamba wa juu unaoweza kuubandua kwa ukucha, na nyama iliyo chini yake ni karibu nyeupe.

Turudi kwenye aina. Ulinganisho unaonukuliwa sana ulichapishwa mwaka 2004 kutoka Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Walichukua aina kumi za vitunguu vinavyouzwa nchini humo pamoja na shaloti, vile vidogo vinavyoota kwa vishada. Shaloti iliongoza kwa jumla ya kemikali za fenoli, miligramu 114.7 kwa gramu 100, takriban mara sita ya Vidalia, kitunguu kitamu cha jimbo la Georgia, iliyoshika mkia. Kwa flavonoidi, hata hivyo, aliyeongoza si shaloti bali ni Western Yellow, kitunguu cha njano, kikiwa na miligramu 69.2 kwa gramu 100, mara kumi na moja ya Western White, kile cheupe. Chekundu kilichokuwemo, Northern Red, kilifuata nyuma ya shaloti na vya njano vilivyo vikali katika kipimo cha nguvu ya jumla ya antioksidanti.

Mbona orodha mbili zina mabingwa wawili tofauti? Kwa sababu hazikupima kitu kimoja. Fenoli ni ukoo mpana, flavonoidi ni tawi moja tu ndani yake. Na kipimo cha "nguvu ya antioksidanti" si hesabu ya kemikali yoyote maalumu. Katika mojawapo ya vipimo vya kawaida maabara hutumia kimiminika cha zambarau chenye radikali. Ukikitia dondoo la kitunguu, zambarau inafifia kuelekea manjano, na kiasi cha kufifia ndicho kinachogeuzwa kuwa namba. Chochote chenye uwezo wa kutoa elektroni kitaifanya ififie. Kipimo hakiulizi ni nani.

Kuna mitego mingine midogo ambayo ukiijua hutababaishwa tena na majedwali. Kitunguu ni maji kwa asilimia 89 hivi. Kitunguu chenye miligramu 50 za flavonoli kwa gramu 100 za kibichi kitasomeka kuwa na zaidi ya miligramu 450 kwa gramu 100 za kikavu, na wote wawili, aliyeandika 50 na aliyeandika 450, wanasema kweli. Halafu kuna suala la zile glukosi. Molekuli ya kwesetini yenye glukosi mbili ina uzito zaidi ya mara mbili ya kwesetini tupu. Maabara moja inapima pamoja na sukari, nyingine inazivua kwanza kwa asidi ndipo ipime. Kitunguu kilekile, siku ileile, namba moja ikawa mara mbili ya nyingine. Ukikuta mtu ameweka tafiti mbili za namna hiyo bega kwa bega ili athibitishe kwamba aina fulani ni bora, mwachie jedwali lake.

Na kuna sababu ya kuzisoma namba za Ulaya kwa tahadhari zaidi ukiwa Karatu au Karatina. Kitunguu hujaza tunguu, ile sehemu ya chini inayovimba, kwa kufuata urefu wa mchana. Aina zinazolimwa Uholanzi, Norway au Uingereza zinahitaji mchana mrefu wa kiangazi cha kaskazini, saa 14 hadi 16. Sisi karibu na ikweta tuna saa 12 hivi mwaka mzima. Ukizipanda hapa utavuna majani na shingo nene. Kwa hiyo mashamba ya Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, Ruaha Mbuyuni, au Loitokitok upande wa Kenya, yana aina za mchana mfupi: Red Creole, Bombay Red, chotara nyekundu za kampuni za mbegu, na mbegu za wenyeji ambazo wakulima wamezichagua wenyewe msimu hadi msimu. Asilimia kubwa ya kinachosafiri kwa lumbesa kwenda Kariakoo au kuvuka Namanga ni chekundu. Mjadala wa "chekundu au cha njano" kwa mlaji wa kawaida wa huku ni mjadala wa duka kubwa la mjini, sokoni umeshaamuliwa. Swali lenye maana kwetu ni tofauti iliyopo kati ya chekundu na chekundu.

Ya kuzingatia hapo ni ukavu wa tunguu. Red Creole ni kidogo, kigumu, kikali, chenye maji machache, na hukaa ghalani muda mrefu. Vile vikubwa vyororo vyenye maji mengi vina nyama nyingi kwa kila tabaka lakini ganda na utando kidogo kwa uzito. Kwa kuwa flavonoli zimekaa juu ya matabaka, kilo moja ya vitunguu vidogo ina eneo la juu kubwa kuliko kilo moja ya vitunguu vikubwa. Ni moja ya mambo machache ambapo kitunguu cha bei nafuu, kile kidogo kinachotengwa pembeni ya fungu, hakina cha kukionea aibu.

Ukali wa kitunguu ni habari nyingine, ingawa watu huichanganya na hii. Ukikata kitunguu, unapasua seli na kukutanisha kimeng'enya na kemikali za salfa zilizokuwa zimetengwa. Sekunde chache baadaye gesi inayoliza imeshafika machoni. Mwaka 2002 watafiti wa kampuni ya House Foods ya Japani walionyesha kwamba gesi hiyo ina kimeng'enya chake maalumu, tofauti na kile kilichodhaniwa kufanya kazi yote. Miaka kumi na moja baadaye wakapewa Tuzo ya Ig Nobel, ile inayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kemikali za salfa nazo zina uwezo wa antioksidanti, lakini ni za ukoo mwingine, na zinategemea sana udongo. Vidalia ya jimbo la Georgia ni tamu si kwa sababu imejaa sukari kupita nyingine, bali kwa sababu udongo wa kule una salfa kidogo, na tunguu lenyewe ni la maji mengi. Katika ulinganisho wa Cornell vitunguu vitamu vingi viliangukia chini. Kitunguu kisichokuliza mara nyingi hakina mengi ya hayo mengine pia, ijapokuwa si machozi yanayopima kwesetini.

Hapo hapo nitaje jirani zake, kwa ufupi. Kitunguu saumu, pamoja na heshima yake yote, kina flavonoli kidogo sana. Nguvu yake imo kwenye salfa. Liki ina flavonoli, ila nyingi ni za aina ya kempferoli. Majani mabichi ya vitunguu yana vitamini C nyingi kuliko tunguu, pamoja na karotini ambazo tunguu karibu halina.

Sasa tuingie tumboni, ambako namba za maabara huanza kupoteza ubabe. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba flavonoidi iliyofungwa na sukari haiwezi kupita ukuta wa utumbo. Mwaka 1995 Peter Hollman na wenzake wa Wageningen, Uholanzi, waliwapima watu tisa ambao utumbo wao mpana ulikuwa umeondolewa, ili bakteria wa sehemu hiyo wasivuruge hesabu. Kwesetini ya vitunguu, pamoja na glukosi zake, ilifyonzwa kwa asilimia 52. Kwesetini tupu, asilimia 24. Rutini, aina iliyofungwa na sukari mbili tofauti na inayopatikana kwenye chai, asilimia 17. Glukosi iliyodhaniwa kuwa kizuizi ikawa ndiyo tiketi. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba kwesetini ya tufaha hufika kwenye damu kwa theluthi moja hivi ya ile ya vitunguu, kwa kuwa imefungwa na sukari za namna nyingine. Tena ile ya vitunguu hukaa damuni kwa saa nyingi, kiasi kwamba anayekula kila siku huanza siku mpya akiwa na akiba ya jana.

Huo ni ushindi halisi wa kitunguu. Hauna uhusiano wowote na rangi.

Lakini kile kinachozunguka kwenye damu si kwesetini tena. Ukuta wa utumbo na ini huikamata na kuibandika salfeti, asidi ya glukuroniki au kikundi cha methili, na baadhi ya nguvu yake ya kutoa elektroni huzimwa papo hapo. Kiasi chake pia ni kidogo mno ukilinganisha na vitamini C iliyomo damuni, achilia mbali asidi ya yuriki ambayo mwili unaitengeneza wenyewe. Mwaka 2006 Silvina Lotito na Balz Frei wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walipitia tafiti zilizoonyesha damu ikipanda "nguvu ya antioksidanti" baada ya mtu kula vyakula vyenye flavonoidi, wakahitimisha kwamba sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokana na kuongezeka kwa asidi ya yuriki, si flavonoidi zenyewe. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kwenye mtandao jedwali lake maarufu la nguvu ya antioksidanti za vyakula, kwa sababu kampuni za virutubisho zilikuwa zinalitumia kuuzia bidhaa na namba zile hazikuwa ushahidi wa chochote ndani ya mwili wa binadamu. Mabango mengi yanayokipa kitunguu chekundu alama kubwa bado yananakili jedwali hilo.

Aliyedhani kwamba antioksidanti nyingi zaidi daima ni heri zaidi alishapata jibu mwaka 1994. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 waligawanywa makundi, baadhi wakapewa vidonge vya betakarotini. Waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Hiyo haikuwa kwesetini, wala haikuwa chakula, na sina nia ya kumtisha mtu na kitunguu chake. Inaonyesha tu kwamba kutoka kwenye kichupa cha maabara hadi kwenye jeneza au afya hakuna njia iliyonyooka.

Basi kuna ushahidi gani upande wa heri? Upo, wa wastani. Katika mji wa Zutphen, Uholanzi, wanaume 805 wenye umri wa miaka 65 hadi 84 walifuatiliwa kwa miaka mitano kuanzia 1985. Waliokuwa wakila flavonoidi nyingi walikufa kwa ugonjwa wa moyo chini ya nusu ya waliokula kidogo. Asilimia 61 ya flavonoidi hizo ilitoka kwenye chai, 13 kwenye vitunguu, 10 kwenye matufaha. Ni utafiti wa kutazama, na mla vitunguu na matufaha huenda alikuwa na mengine mema maishani mwake. Upande wa majaribio, uchambuzi wa mwaka 2016 uliounganisha majaribio saba ya vidonge vya kwesetini ulikuta namba ya juu ya kipimo cha presha ikishuka kwa wastani wa milimita 3 hivi za zebaki, na athari ikionekana kwa waliomeza miligramu 500 au zaidi kwa siku. Piga hesabu: kwa kitunguu chenye miligramu 400 kwa kilo, hiyo ni kilo moja na robo kila siku. Watafiti wa Bonn, Ujerumani, walijaribu kiasi kidogo zaidi, miligramu 162 kwa siku kutoka kwenye dondoo la maganda ya vitunguu. Kwa washiriki wote kwa pamoja presha haikubadilika kwa kiwango cha kuaminika. Kwa wale waliokuwa tayari na presha ya juu ilishuka milimita 3.6. Dawa za hospitali hushusha zaidi ya hapo. Nusu kitunguu cha asubuhi hakichukui nafasi yake.

Jikoni, ambako mtu ana uamuzi, tofauti inayoletwa na mkono mara nyingi inazidi tofauti ya aina. Kumenya ndilo la kwanza. Wengi wetu tunavua ganda kavu pamoja na tabaka la kwanza la nyama, hasa haraka inapokuwepo, na tabaka hilo ndilo lenye mengi. Likiwa zima na safi, liache.

La pili ni maji. Kwesetini inavumilia moto, haivumilii kumwagwa. Vitunguu vikichemshwa, kiasi cha asilimia 30 ya kwesetini huhamia kwenye maji. Katika mchuzi au supu hilo si tatizo kwa sababu unakunywa kilichotoka. Kuunga kwa mafuta kwa muda mfupi hakupotezi mengi. Vitunguu vya pilau vinavyokaangwa hadi viwe kahawia iliyoiva ni kisa kingine, hapo hasara ipo, lakini pilau isiyo na rangi hiyo sijui nani angeila, na sipendekezi mtu aiharibu kwa ajili ya miligramu chache. Kachumbari ina ubishi wake. Kuvifikicha vitunguu kwa chumvi na kuvisuuza huondoa ukali, na yale maji ya waridi unayoyamwaga ni anthosianini zinazoondoka pamoja na sehemu ya kwesetini. Njia mbadala ni kukata vyembamba na kuvitia ndimu mapema. Asidi inatuliza ukali kiasi, na anthosianini zikikutana na asidi hung'aa waridi kali badala ya kupotea. Zikikutana na magadi huenda upande wa pili, buluu hadi kijani chafu. Chakula hakijaharibika, kimebadilika rangi tu.

Uhifadhi hauna haja ya maneno mengi. Kwesetini hukaa salama kwa miezi katika kitunguu kilichokaushwa vizuri na kuwekwa penye hewa. Kuviacha shambani vikauke na shingo zao kabla ya kukata majani, jambo ambalo wakulima hulifanya ili visioze, tafiti za Sweden zilionyesha kwamba pia huongeza kwesetini.

Maganda makavu yenyewe ndiyo yenye kwesetini nyingi kuliko sehemu zote, na wapo wanaoyachemsha kwenye supu kisha kuyatoa. Yanatoa rangi nzuri ya dhahabu. Ila kwesetini ya ganda imeshavuliwa glukosi, na bila glukosi haiyeyuki vizuri kwenye maji, wala utumbo hauipokei kama ile ya nyama. Ganda ndilo lililobeba pia vumbi la shamba, mabaki ya dawa na, katika joto letu, ule unga mweusi wa kuvu unaojificha chini ya tabaka la nje. Lenye unga huo halistahili sufuria. Litupe, osha tabaka linalofuata, na likiwa na madoa litoe nalo.